Ua Lisilo na Kikuba

Ushairi wa Kiswahili una bustani yake, na mlango wa bustani hiyo uko pwani. Asumini, waridi, kilua, mkadi, mlangilangi, na rehani pembeni kwa ajili ya harufu: hayo ndiyo yanayotajwa tangu katika mashairi ya mahaba hadi katika nyimbo za taarabu, na yote ni ya uani. Yamepandwa na mkono wa mtu karibu na kisima au chini ya dirisha, yakatiliwa maji, yakachumwa alasiri, yakafungwa vikuba na kuvaliwa kifuani. Ua la porini ni nadra kutajwa, na likitajwa aghalabu halina jina. Huitwa ua la mwitu, basi, kama vile mgeni anavyoitwa mgeni hata akae miaka arubaini. Si kosa la washairi. Mtu husifu kilicho karibu na pua yake.

Lakini bara nako kuna maua, na katika uwanda wa kati wa Tanzania, huko Dodoma, kuna moja ambalo halijaingia katika kikuba chochote. Huchanua kati ya Februari na Aprili, pale kichaka kinapokwisha na shamba la mtama kuanza. Umbo lake ni kama tarumbeta ndogo iliyoinamishwa. Rangi yake ni waridi inayoelekea zambarau, na kwenye mdomo wake wa chini kuna mistari ya rangi iliyokolea inayoingia ndani kooni, mithili ya njia iliyochorwa ili nyuki asipotee. Mmea wenyewe ni mfupi, hauzidi sana kimo cha goti, na majani yake ukiyafikicha penye maji huteleza. Wataalamu wa mimea huuita Ceratotheca sesamoides. Wagogo huuchuma majani, na katika Kiswahili cha Dodoma jina lake ni mlenda tu, jina ambalo unagawana na mimea mingine mitatu minne yenye utelezi.

Mtu wa pwani akisikia neno mlenda hucheka. Mzaha huo ni wa zamani na hauna haja ya kurudiwa hapa. Anachosahau ni kwamba mmea huu ni ndugu wa karibu wa ufuta, ule ule unaonyunyizwa juu ya mkate wa ufuta wa Unguja wakati wa Ramadhani. Wote wawili ni wa ukoo mmoja, na mbegu zao hufanana hata mtu asiyezoea hawezi kuzitenga. Ajabu ni kwamba ufuta wa shambani asili ya kufugwa kwake ni Bara Hindi, ilhali jamaa zake wengi wa mwituni wako Afrika. Kwa hiyo mgeni amepewa shamba, soko na nafasi juu ya mkate, na jamaa zake wenyeji wamebaki ukingoni mwa kichaka.

Katika kitongoji kimoja upande wa mashariki wa Dodoma, njia ya kwendea Ihumwa na Mtumba, alikuwapo mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Makunduchi, aliyefika huko mwaka 1986 kwa kumfuata mume. Mumewe alikuwa Mgogo. Mwalimu huyu alisomesha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na hakuna mwanafunzi wake asiyejua kwamba mshairi Mathias Mnyampala hakuwa mtu wa Mombasa wala Lamu. Alikuwa Mgogo, mzaliwa wa huko huko Ihumwa mwaka 1917. Alipenda kulisema jambo hilo kila ilipofika zamu ya ngonjera, kwa kuwa Mnyampala ndiye aliyezipa ngonjera umbo na umaarufu wake kabla hajafariki mwaka 1969, na kwa kuwa watoto wa Kigogo darasani walikuwa wakiambiwa na wenzao kwamba Kiswahili si chao. Mwaka wa kuzaliwa kwake nao alikuwa na neno juu yake. Miaka ya 1917 hadi 1920 ndiyo ya Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo iliyotokana na ukame pamoja na majeshi ya vita vya kwanza, ya Wajerumani na ya Waingereza, kuchukua mifugo, nafaka na wapagazi. Mtoto aliyezaliwa Ihumwa wakati huo akaishi, alikuwa amelishwa na mtu aliyejua majani ya porini.

Mume wa Mwalimu alifariki mwaka 2014. Alimwachia nyumba, kipande cha ardhi cha ekari tatu hivi ambacho nusu yake ilikuwa bado kichaka cha migunga na mikole, na mama yake mzazi aliyekuwa amekwisha kupofuka kwa uzee. Wakwe hao wawili, mmoja wa Makunduchi na mmoja wa Ugogoni, walibaki wakitazamana, kama neno hilo lafaa kwa watu ambao mmoja wao haoni. Walisalimiana kila asubuhi kwa Kigogo, mbukwenyi, kisha wakaendelea kwa Kiswahili.

Siku zilivyokwenda, mama mkwe akaanza kukataa chakula. Si kwamba alikuwa mgonjwa wa jambo linalojulikana. Alisema tu kwamba mboga haina ladha. Mwalimu akaenda soko la Majengo, akanunua unga wa mlenda uliokaushwa na kutwangwa, akaupika kwa magadi na karanga, akausongea ugali wa uwele. Mzee akaonja, akaweka mkono chini.

"Huu si wenyewe, mwanangu," alisema. "Huu umechanganywa."

"Wenyewe ni upi, mama?"

"Ule wenye pembe."

Mwalimu hakulijua hilo. Kwa miaka ishirini na kitu alikuwa amekula mlenda wa nyumba ile bila kuuliza umetoka wapi, kwa sababu aliyeuchuma alikuwa mwingine. Alipokwenda ukingoni mwa kichaka msimu wa mvua akarudi na mmea wenye maua ya waridi, alidhani kazi imekwisha. Mzee akaupokea, akaupapasa toka juu hadi chini, akafika kwenye tunda, akatikisa kichwa. Alikuwa ameletewa ufuta mwitu, ambao ni mrefu zaidi na majani yake ni membamba. Nao pia huliwa. Lakini tunda lake huishia kwa ncha moja. Tunda la ule anaoutaka lina pembe mbili, moja kila bega, kama kichwa cha ndama. Ajabu ya Mungu, jina la kitaalamu la mmea huo, lililotungwa kwa Kigiriki na watu wasiowahi kukaa jikoni kwa Wagogo, maana yake ni kibweta chenye pembe. Mtaalamu aliziona kwa macho. Bibi yule alizijua kwa vidole.

Ulipatikana hatimaye, lakini mchache: mashina tisa katika mstari mwembamba wa mchanga kati ya kichaka na shamba. Hapo ndipo Mwalimu alipofahamu kwamba mmea huu hauishi kila mahali. Ndani kabisa ya kichaka kivuli huuzidi nguvu. Katikati ya shamba jembe huuondoa pamoja na magugu. Makao yake ni ukingo, na ukingo ni kitu chembamba. Kichaka kikifyekwa hadi mwisho, ukingo nao hufa, japo hakuna mtu aliyeukusudia.

Na vichaka vilikuwa vinafyekwa. Serikali ilikuwa imeamua tangu mwaka 1973 kwamba Dodoma ndiyo makao makuu, lakini kwa zaidi ya miaka arubaini uamuzi ulitembea polepole. Julai 2016 ukaanza kukimbia. Mtumba, palipokuwa mashamba na mapori, pakawa Mji wa Serikali, uliozinduliwa Aprili 2019; barabara zikapanuliwa, ardhi ikapimwa, mawe ya mipaka yakasimikwa hata katikati ya miiba. Haifai kulilaumu jambo hilo kwa pumzi moja, kwani mji ni lazima ukae mahali, na wajukuu wa Mwalimu walipata kazi kwa sababu hiyo hiyo. Kampeni ya kuifanya Dodoma iwe ya kijani nayo ilizinduliwa Desemba 2017, na miche mingi ya miti imepandwa. Ila mti huhesabiwa. Mmea wa kimo cha goti hauhesabiwi na mtu. Ukifyekwa huandikwa kuwa ni usafi.

Ugogo si mara ya kwanza kuona kichaka kikifagiliwa kwa haraka. Mwaka 1947 Waingereza walifika Kongwa na matingatinga, wengi wao wakiwa wametoka vitani, kulima karanga kwa ajili ya mafuta ambayo nchi yao ilikuwa imepungukiwa nayo. Walipanga ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zake katika Tanganyika. Mizizi ikavunja majembe, nyuki wakawatoka madereva kutoka ndani ya mibuyu hadi wengine wakalazwa, mvua ikakataa, na udongo ukakauka ukawa mgumu kama sakafu. Mpango ukafutwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Walikuwa wakitafuta mmea wa mafuta. Jamaa za ufuta walikuwa chini ya minyororo yao.

Kondoa imetoa somo la namna nyingine. Huko mmomonyoko ulikuwa umekula ardhi hadi mifupa, na mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, ulijaribu matuta na miti bila mafanikio makubwa. Basi mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo la kilomita za mraba zaidi ya 1,200. Wenyeji waliumia, na machungu yao hayapaswi kusahauliwa kwa kuwa majani yaliota. Lakini majani yaliota kweli, na vichaka vikarudi, na sehemu kubwa ya uoto huo haikupandwa na mtu. Mbegu zilikuwapo ardhini au zilifika zenyewe. Zilikuwa zinangoja kuachwa.

Mwalimu alianza kwa mashina yale tisa. Aprili ilipokwisha na matunda yakaanza kugeuka rangi, aliyafunika kwa vipande vya mtandio mkuukuu, kwa sababu tunda likikauka hupasuka juu na mbegu humwagika kwa upepo mdogo tu. Alipata mbegu kiasi cha kujaza kikombe cha kahawa nusu. Nyingine alizipanda papo hapo ndani ya makopo, akazimwagilia. Hazikuota hata moja. Mzee alipoambiwa akacheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi.

"Mbegu imetoka kuzaliwa jana, nawe waitaka izae leo?" alisema. "Iache ilale. Isikie jua, isikie kiu. Mvua ya kwanza itaiamsha."

Basi zile zilizobaki zilichanganywa na mchanga, zikatawanywa katika ukanda wa hatua sita kwa hatua thelathini kandokando ya kichaka, ambapo udongo ulikwanguliwa tu kwa reki bila kulimwa. Zikalala hapo Juni, Julai, Agosti, Septemba, katika jua lile la Dodoma ambalo halina msamaha. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na takriban yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine mbingu hufungwa. Mvua ya kwanza ilipokuja, siku ya sita ardhi ikawa na vidoa vya kijani. Kazi iliyofuata ilikuwa ya kuacha kuliko ya kufanya. Aling'oa nyasi ndefu tu, akapunguza miche palipobanana, na ukame wa Februari ulipoingia hakumwagilia, kwa maana mmea huu umezoea kukopwa na mvua, na ukidekezwa kwa maji hutoa majani mengi na maua machache. Vilele alivichuma kwa mboga, navyo vikachipua matawi mapya mawili mawili.

Maua yalipofunguka, wageni wakaja. Walikuja nyuki wa asali mapema asubuhi, wakaingia kooni mwa ua hadi ukawaona makalio tu, wakatoka migongo yao imepakwa unga mweupe. Wakaja wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa miti mikavu, ambao ua huinama kwa uzito wao. Chini ya kila kikonyo cha ua mmea huu una vitezi vidogo vya utamu, na kwa ajili ya hivyo walikuja sisimizi, wakapanda na kushuka mchana kutwa kama makuli bandarini. Kiwavi mmoja mnene wa kijani, mwenye pembe mkiani, alipatikana akila majani. Huyo ni mtoto wa nondo mkubwa mwenye alama ya fuvu mgongoni, ambaye akikua huingia mizingani usiku kuiba asali na akishikwa hulia kama panya. Mwalimu alimwacha. Alisema kwamba nyumba isiyo na mwizi haina kitu. Matunda yalipokauka wakaja ndege wala mbegu, na miongoni mwao kasuku wadogo wa kijani wenye shingo za manjano, ambao makao yao ya asili hapa duniani ni Tanzania peke yake, kuanzia kaskazini hadi katikati ya nchi.

Asubuhi moja ya Machi mzee alitolewa nje kukaa kwenye kigoda chake, karibu na ukanda ule. Alikaa kimya kitambo, sikio limeelekea upande wa kichaka.

"Umechanua," alisema.

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alikuwa amesikia nyuki, akajua kwa mngurumo wao kwamba si ua moja wala kumi. Msimu huo alikula. Majani mengine yalikaushwa kivulini, yakatwangwa, yakachekechwa, yakatiwa ndani ya kibuyu, na kibuyu kikamfikisha hadi mvua ya pili. Alifariki mwaka 2021, mwezi wa kiangazi, akiwa na umri ambao hakuna mwenye hakika nao.

Baada ya matanga, ndugu wa mume walikaa kikao. Kichaka kilikuwa mali ya ukoo, bei ya viwanja ilikuwa imepanda, na watoto walikuwa na ada za shule. Hakuna aliyesema neno baya. Mwalimu alipewa nyumba na kipande kilichoizunguka. Kichaka kikauzwa, kikagawanywa viwanja vinne. Mwenyewe aliwahi kuulizwa na mwanawe kama hakuumia, akajibu kwamba yeye ni mtu wa kuja, na mtu wa kuja hapigani na wenye mji kwa ajili ya miiba. Alilisema hilo mchana. Usiku alitoka na taa, akachota mchanga wa ukanda ule kwa karai, juu juu, kina cha vidole viwili, akaumwaga ndani ya mpaka wake. Alifanya hivyo usiku tatu. Wa nne tingatinga lilikuwa limekwisha kuegeshwa.

Sasa jambo lenyewe liligeuka kuwa gumu, kwa kuwa ukingo bila kichaka si ukingo. Mvua iliyofuata miche iliota mingi, lakini jua la mchana kutwa likaikausha mapema na nyuki walikuwa wachache. Walikokuwa wakiishi palikuwa pameng'olewa. Mwalimu akapanda mikole mitatu na mgunga mmoja kwenye mpaka, akakata kauli kwamba atausubiri ukue. Akaacha pia rundo la magogo makavu kwenye kona, kwa ajili ya wale weusi. Mwaka wa pili mambo yakawa nafuu.

Kiwanja cha kwanza kilijengwa na mtumishi mmoja wa serikali, kijana wa Tanga, mwenye adabu zake. Alipohamia alikuja kumwamkia, akaketi, akanywa kahawa, kisha akaleta haja yake kwa kuizungusha kama wafanyavyo watu wa kwao.

"Bibi, yale majani ya huku ukutani, si twaweza kuyafyeka? Nna watoto wadogo. Nahofu nyoka."

"Ni mboga yale, baba."

"Mboga gani?"

"Mlenda."

Kijana akacheka, kama ilivyotarajiwa. Mwalimu hakucheka. Akamletea tunda moja kavu, akamwekea kiganjani, akamwambia afumbe macho na kulipapasa. Halafu akampa na punje za mbegu, akamwuliza zafanana na nini. Kijana akazitazama sana, akasema ni ufuta, mama yake hutia kwenye mkate. Wakazungumza hata adhuhuri. Walikubaliana hivi: pembeni mwa ukuta pataachwa njia tupu ya hatua mbili, ili nyoka akipita aonekane, na fyekeo halitapita kwenye ukanda mpaka matunda yapasuke, yaani si kabla ya Juni.

Desemba iliyofuata maji ya mvua yalipita chini ya ukuta, penye tundu la kutolea maji, yakabeba mchanga kidogo hadi upande wa pili. Miche minne ikaota huko, kandokando ya zege la kuegeshea gari. Miwili ilikanyagwa na gurudumu kabla ya Februari. Wa tatu uliliwa na mbuzi wa watu. Wa nne ulizungushiwa mawe, haijulikani na nani, na mwezi wa Machi ukatoa maua kumi na moja.